Kipareto, Lugha Isiyo na Mama

Pareto ikikaushwa ina harufu ambayo sijapata kukutana nayo pengine popote: chungu kidogo, tamu kidogo, yenye vumbi, na ukiivuta vibaya utapiga chafya tatu mfululizo mpaka machozi yakutoke. Hiyo ndiyo harufu ya utoto wangu. Baba alikuwa mchochea moto katika nyumba ya kukaushia maua kwenye shamba la mzungu mmoja juu ya Elburgon, upande wa kuelekea Keringet, mahali pa baridi kali ambapo asubuhi tuliamka tukakuta nyasi nyeupe pe kwa umande ulioganda. Jioni alirudi akinuka moshi na maua, na kila siku mama alimwambia avue koti nje, na kila siku baba alisahau. Mistari ya pareto iliteremka mpaka ukingoni mwa msitu wa Mau, na humo, kila Jumamosi na wakati wa likizo, sisi watoto tulichuma pamoja na mama zetu, kikapu kiunoni na vidole vimegeuka manjano. Ilikuwa miaka ya hamsini ikielekea ukingoni. Wafanyakazi walikuwa wametoka kila upande wa nchi, na ukitembea kutoka nyumba ya kwanza ya kambi mpaka kwenye bomba la maji ungesikia lugha tano, na ugomvi katika tatu kati ya hizo.

Tulikuwa wasichana watatu. Mimi Nafula, Mbukusu, niliyeletwa pale nikiwa na miaka mitano, nikamwacha nyanya yangu kule nyumbani akilia mlangoni. Chelagat alikuwa Mkipsigis, binti wa mchungaji wa ng'ombe wa maziwa, mrefu, mkali, mtu wa kutoa amri tangu tumboni mwa mamake. Wambui alikuwa Mkikuyu. Watu wao walikuwa wamehamishwa na serikali ya kikoloni wakati wa Hali ya Hatari na ndiyo kwanza wamerudi. Alikuwa mpole ajabu, lakini akianza kucheka, basi, kazi imeisha siku hiyo. Tulikuwa na miaka kumi hivi, na shida yetu ilikuwa moja: nyapara. Jina lake silitaji kwa sababu wajukuu wake husalimiana nami kanisani, lakini yule mzee alijua kila lugha ya kambi, angalau kiasi cha kumkamata mtu anayemsengenya. Hatukuwa na mahali pa kumsema. Ndipo Chelagat alipoamua, katikati ya mstari, kikapu kikiwa nusu, kwamba tutatengeneza lugha yetu wenyewe.

Akaweka sheria papo hapo: hakuna neno litakaloingia kutoka nyumbani kwa mtu. "Nikileta la kwetu, nyinyi mtakuwa mnaniuliza maana, na mimi nitakuwa mwalimu. Na nyinyi mkileta la kwenu, mtaniringia. Sitaki mwalimu hapa, sitaki mwanafunzi." Ikawa hivyo. Tuliiita Kipareto kwa kuwa ilizaliwa kwenye pareto na pareto haikuwa ya mama wa mtu yeyote. Ua lenyewe likaitwa shushe. Nyapara akawa tikwe. Kitu kimoja kilitajwa mara moja, viwili mara mbili, na vingi visivyohesabika ulirudia neno mpaka pumzi ikukatikie. Jambo lililopita ulilianza kwa kuvuta kamasi, maana kwa vumbi lile kamasi hazikuwa adimu. Jamani, tulicheka! Wambui alijaribu kutuambia jana nyapara alianguka kwenye mtaro, akavuta kamasi vizuri kabisa, kisha akashindwa kuendelea mpaka mamake akaja kuuliza nani anamliza mtoto.

Lakini sheria ya Chelagat ilikuwa na kazi yake. Kila neno jipya lilipaswa kukaguliwa. Jioni kila mmoja alikwenda kwao akamuuliza mamake: neno hili linajulikana kwetu? Likijulikana, limekufa. Loo, mama zetu walichoka. Kuna jioni mama yake Chelagat alimfukuza na mwiko mpaka zizini kwa ajili ya neno ambalo mpaka leo hajakubali kutuambia lina maana gani. Na hapo ndipo nilipoanza kupendezwa na kitu ambacho hakijaniachia tangu hapo. Nilibuni neno "iria" kwa sababu lilikuwa jepesi mdomoni. Wambui akarudi akasema kwao ni maziwa. Nilibuni "bek" kwa sababu niliona linafanana na tone la maji linapogonga sufuria. Chelagat akarudi akinitazama kwa mashaka. Kwao bek ni maji! Sikulala vizuri siku hiyo. Nilitaka kujua ni nani wa kwanza, huko kwa Wakipsigis wa zamani, aliyesikiliza tone likigonga na kufikiri kama mimi. Maneno yaliyokataliwa yakawa mengi kuliko yaliyopita, na hayo yaliyokataliwa ndiyo yaliyonifundisha Kikuyu na Kipsigis, polepole, bila mtu kujua kwamba ninasoma.

Sasa niseme ubaya wangu. Tulipofika kwenye mvua, nililetea kikundi neno "fula". Nikasema nimelisikia likitoka kwenye mfereji wa bati. Uongo mtupu. Kwetu mvua ni efula, na mimi niliitwa Nafula kwa sababu nilizaliwa siku za mvua. Nyanya ndiye aliyenipa jina hilo. Nilikuwa nimemkumbuka sana mwezi ule, na nilitaka kitu chake kimoja tu kiwemo. Nikalikata kichwa, nikalivusha. Wenzangu walilikagua kwao, likapita. La kwetu nilikagua mimi, nikarudi nikasema mama halijui. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, na hawa wawili walikuwa wakiniita kwa neno hilo kutwa nzima bila kulishuku. Nani hutafuta neno ndani ya jina la rafiki yake?

Shule yetu ya shamba ilikuwa chumba kimoja cha mbao, na mwalimu wetu, Mwalimu Elijah, alitoka mbali, Taita, akawa hana mtu hata mmoja pale wa kuzungumza naye lugha yake. Shuleni ilikuwa Kiswahili na Kiingereza tu. Ukisema lugha ya mama, unavishwa kibao shingoni, na unakaa nacho mpaka umnase mwenzako akikosea umpe. Muhula ule Mwalimu alitangaza kwamba darasa letu litapanda treni mpaka Nakuru, Jumamosi, kuona ziwa na wale ndege wekundu, heroe. Isipokuwa mmoja: yule ambaye Ijumaa jioni atakutwa na kibao. Treni tulikuwa tunaisikia kila siku ikipiga honi chini Elburgon, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuipanda. Chelagat alikuwa hajaona maji yaliyosimama makubwa kuliko birika la ng'ombe. Wiki ile alifua sare yake mara tatu, na kila alipoianika alikaa chini yake kuilinda. Na mimi, msinidhanie vibaya, nilikuwa ninaitamani safari ile kama yeye.

Alhamisi, wakati wa mapumziko, wingu likatoka Mau kama kawaida yake, na Chelagat akapiga kelele kutoka kona ya uwanja, "Fula! Fula!" Otieno, aliyekuwa na kibao tangu Jumanne na ambaye alikuwa akitembea nyuma yetu wote ametega masikio, akaruka. Akamvisha. Chelagat akakivua, akakirudisha. "Hiyo si lugha ya mama. Muulize mama yangu!" Wakafika kwa Mwalimu wakivutana. Mwalimu akachukua kibao, akakiweka mezani. "Kama si ya mama yako," akasema, "basi ni ya mama ya nani?" Akaagiza mama zetu wote watatu waje kesho yake mchana. Likitambuliwa hata neno moja tu, Chelagat hana treni.

Usiku ule sikuwa na hamu hata ya uji. Ijumaa wakaja, aproni za kuchumia bado viunoni, na mama yake Chelagat ndiye aliyeanza. "Mwalimu, mimi nimewacha pareto yangu kwa shamba kuja kusikiza hii mambo ya watoto?" Mwalimu akamwomba radhi, akamwambia Chelagat azungumze. Akazungumza. Alivuta kamasi, akasema mambo ya jana, akavuta tena, mpaka Mwalimu akamuuliza kama ana mafua. Mama yake akasikiliza akasema, "Hiyo siijui, labda ni ya mashetani." Mama Wambui akasema naye haijui. Kisha Chelagat akasema lile neno lililomponza, fula, na mama yangu akainua uso. Hakumtazama Chelagat. Alinitazama mimi. "Na wewe, Mama Nafula?" Mwalimu akauliza. Mama alikuwa mwimbaji wa kwaya, mtu ambaye hata bei ya kuku hakuwahi kuidanganya, na nilimwona akifungua mdomo, nikajua kabisa atasema nini. Atasema halijui, kwa ajili yangu. Nikasimama kabla halijamtoka. "Ni la kwetu," nikasema. "Nimeliiba kwa nyanya. Chelagat hakujua."

Mwalimu akafikiri, akasema aliyelitumia bila kujua hana kosa, mwenye kosa ni aliyelileta. Kibao kikaja shingoni mwangu. Kilikuwa chepesi, cha kushangaza, lakini nililia nacho kwa sauti, na sioni haya kusema. Mama alinishika mkono akautikisa kidogo, basi. Chelagat hata hakunitazama, na hilo liliniuma kuliko treni. Lakini Mwalimu hakuturuhusu kwenda. Aligeukia ubao akaandika mvua. Chini yake mbura, kama asemavyo Mama Wambui. Chini yake efula. Akatuambia tutazame sana. Wambui ndiye aliyeona wa kwanza, akashika mdomo: "Mwalimu, hawa ni ndugu!" Pembeni akaandika robta ya kina Chelagat, imekaa peke yake, ya ukoo mwingine, na mama yake Chelagat akainua kichwa kwa fahari. Mwisho kabisa Mwalimu akaandika, kwa herufi ndogo, neno la kwao Taita. Otieno akamwomba alisome. "Someni wenyewe," Mwalimu akajibu. "Mimi kesho ninapanda treni." Tulicheka wote, mimi na kibao changu nikiwemo, machozi bado yanatiririka.

Jumamosi nilichuma pareto peke yangu. Honi ilipopigwa sikuinua kichwa. Jumapili, baada ya kanisa, Chelagat akaja mpaka mlangoni kwetu, Wambui nyuma yake, akaniambia nitoke. Nilifikiri amekuja kunipiga. Alinikalisha kwenye gogo, akatangaza kwamba sheria imebadilika: fula linabaki, na kila mmoja ana ruhusa ya kuleta neno moja la kwao. La Wambui ni iria. La kwake ni bek. Kisha akavuta kamasi ndefu, akaanza kuniambia ziwa. Alisema bek mpaka pumzi ikamwishia. Ndege wale aliwaita shushe wenye miguu, na walipokuwa wengi mno, shushe, shushe, shushe, akakatika, akamwonyesha Wambui kidole, Wambui akapokea, akakatika, wakanionyesha mimi, nikapokea. Zamu kwa zamu tuliwasema ndege wale mpaka mama akatoka kuuliza kama tumerukwa na akili. Siku ile tulitunga maneno zaidi ya thelathini, na sikumbuki Jumapili niliyowahi kufurahi kuliko hiyo.

Wambui ametangulia. Chelagat yuko Keringet, magoti yamemkatalia safari, na Kipareto kina wasemaji wawili waliobaki, wote bibi vizee. Mjukuu wangu, kijana wa Nakuru mjini, ana Sheng yake, lugha ya vijana wa mjini, ambayo mamake huigombeza na mimi huitetea, tofauti ni kwamba yake hubadilika kila wiki, nikijifunza neno Jumatatu ananiambia Ijumaa, "Shosho, hiyo ni ya kitambo." Mwaka jana alinipeleka ziwani kwa gari lake, mwendo wa dakika chache tu, hakuna treni ya kusubiriwa, wala kibao. Maji yamepanda, yamemeza miti, na ndege wamehamia kwingine. Maskini, aliniomba radhi kana kwamba yeye ndiye aliyewafukuza. Nikampigia simu Chelagat, nikamwambia kwa Kipareto mahali niliposimama. Akauliza wapo wangapi. Nilitamani kumwambia wamejaa. Nikamwambia ukweli, hamna hata mmoja. Akavuta kamasi. "Basi ngoja," akasema, "nikuambie walivyokuwa." Akaanza tangu mwanzo. Nikasimama pale ukingoni, simu sikioni, mjukuu wangu akiniuliza kila mara ninacheka nini.