Kufuli la Benki ya Damu

Siku yangu ya kwanza kazini, kama mwandishi wa programu wa hospitali, nikiwa tayari mama wa watoto watatu, Mkuu wa Maabara alinipeleka moja kwa moja kwenye jokofu la damu. Alikuwa mzee wa Kipemba, mpole wa sauti.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Programu utakayoandika ni ya hili. Nataka wodi zijue kilichomo bila kunijia mbio."

Nikaiandika. Hifadhidata yake, yaani daftari la kumbukumbu zake, haikuwa na mtambo wake wa pekee. Ilikuwa faili moja ndani ya programu, kwenye kompyuta ya maabara, na wodi ziliifikia kwa mtandao wa hospitali. Miezi ikapita salama, nikajiona fundi.

Asubuhi moja ikabaki chupa moja ya damu ya kundi O hasi. Nesi Mwanaidi wa wodi ya wazazi akaona ipo, akaiombea mama aliyekuwa akivuja damu. Papo hapo nesi wa upasuaji naye akaona ipo, akaiombea dereva wa bodaboda aliyegongwa mtaani Ngamiani. Programu ikawakubalia wote wawili. Wakakutana jokofuni.

"Yangu hii!" akasema Mwanaidi.

"Yako vipi? Tazama karatasi yangu ya kibali!"

Mkuu akampa Mwanaidi chupa, kisha akakunja mkono wa shati. "Mimi ni kundi hilo hilo. Nipimeni, mnitoe damu, apewe dereva."

Wagonjwa wote wawili walipona. Mimi nilijifungia chooni nikalia. Mzee akabisha hodi, nikafungua; pamba ilikuwa bado mkononi mwake. "Usinililie, mwanangu. Niambie kosa liko wapi."

Programu ilisoma kwanza, ikaandika baadaye, na katikati mwingine akapenya. Basi nikazifunga hatua zote katika muamala mmoja: zikamilike zote au isifanyike hata moja. Na muamala uchukue kufuli la kuandika, linaloshikwa na mmoja tu kwa wakati, kabla ya kusoma, ili wa pili asubiri, kisha aone kwamba chupa imekwenda.

Wiki iliyofuata kila kitu kikaganda. Mwanaidi alifungua fomu, fomu ikashika kufuli, naye akaenda kunywa chai huku wengine wote wakisubiri.

"Kwani kompyuta yako imekataza chai?" akaniuliza.

Nikacheka, nikarekebisha. Fomu ijazwe bila kufuli. Kufuli lishikwe nesi anapobonyeza kuhifadhi tu, programu ihakikishe tena chupa ipo, iandike, iachie.

Nilistaafu hospitali hiyo hiyo, miaka mingi baadaye. Kwenye sherehe ya kuniaga, Mwanaidi, sasa matroni, alisimama. "Ukweli, dada huyu sijui alikuwa akifanya nini. Miaka yote hii tangu chai ile, hatukuwa na haja ya kumwita."

Watu wakacheka, wakarudi kwenye pilau. Mimi nikajiongezea tonge kwa furaha: fundi asiyeitwa, kazi yake haijaharibika.