Viroboto wa Nyumba Yetu Lubondja

Mimi viroboto siwacheki. Hapa mjini Baraka watu wakianza kututania sisi wa milimani, eti tumezoea kulala na mbuzi na viroboto wao, nanyanyuka naenda zangu. Waniite mwenye maringo, basi.

Siku tulipokimbia Lubondja kwa ajili ya vita, baba alibaki nyuma kufungulia mbuzi. "Muende, ninabafuata," alisema. Tulifika Lweba bila yeye. Tulikaa kwa shangazi miezi saba, na kila mtu aliyeteremka kutoka milimani mama alimwuliza habari za mume wake. Hakuna aliyemwona, awe hai awe maiti.

Tuliporudi, mama ndiye aliyesukuma mlango. Hata hatujafika katikati ya nyumba, viroboto wakaturukia, miguu ikawa myeusi hadi magotini. Mdogo wangu akapiga kelele. Mimi nikatukana, nakubali. Mama akacheka! Miezi yote ile hakuwa amecheka.

"Nyumba yenye haina muntu haina biroboto," akasema. "Bingekula nani? Baba yenu alikuwa analala humu. Iko muzima, batoto yangu!"

Ee Mungu, tulimwamini. Nilipotaka kumwaga maji ya moto, alininyang'anya sufuria. "Wacha! Hii ni damu ya baba yenu." Basi tukalala nao, tukijikuna mpaka ngozi ikachubuka, na kila jioni mama alipika ugali wa watu wanne. Sahani ya baba aliifunika, akaiweka karibu na moto.

Siku ya tano jirani yetu mjane naye akarudi. Alikuja kuomba majivu ya kunyunyizia viroboto, huku anajikuna.

"Mama, kwangu biko bingi kabisa! Kufuli nimeikuta vile niliiacha, ndani hamukuingia hata panya. Kumbe binajificha tu mu vumbi, binangojea miguu ya muntu."

Nilimchukia mjane yule, na hakuwa na kosa lolote. Nikaogopa kumtazama mama.

Mama alimfungia majivu kwenye jani la mgomba, akamsindikiza hadi njiani. Kisha akabandika maji. Yalipochemka aliyamwaga mwenyewe, akianzia upande wa kitanda aliokuwa akilala baba.

Jioni ile alipika ugali wa watu watatu.