Samaki wa Mama na Neno Naisi

Katika Kiingereza chote hakuna neno ninalolichukia kama naisi.

Mwalimu wetu alikuwa mama mmoja wa misheni kutoka Uingereza. Alitufundisha wasichana sita barazani kwake, miaka michache kabla ya uhuru, na neno lake la kwanza lilikuwa hilo. Gauni ni naisi. Mvua ikikatika, siku ni naisi. Mtu akikupa kitu unasema naisi, hata kabla hujakifungua. Tuliandika yote daftarini, tukayarudia kama kasuku.

Mama yangu alitaka niingie kozi ya uuguzi, na mwalimu ndiye aliyechagua majina. Kwa hiyo kila Jumamosi, papa, baba yangu, akirudi kutoka kwenye mitego ya maporomokoni, mama alimtenga samaki mkubwa kuliko wote, akambanika vizuri, akamfunga kwa majani na kamba yenye fundo la mara mbili, na Jumatatu nikampeleka. Sisi nyumbani tulibaki na vichwa na pondu, mboga ya majani ya muhogo.

“Alisema nini?” mama aliniuliza kila mara.

“Alisema iko naisi.”

“Naisi iko nini?”

“Iko muzuri sana, mama.”

“Bon, vizuri. Basi atakuandika.”

Jumatatu moja, baada ya kumkabidhi furushi lake, nilitumwa kumwaga maji machafu nyuma ya jiko. Shimo la takataka lilikuwa wazi. Mle ndani niliona majani ya mama, mafurushi manne, matatu hayajafunguliwa kabisa, kamba ikiwa bado na fundo lake la mara mbili. La nne mbwa alikuwa amelichana, na funza walijaa ndani ya samaki ambaye wadogo zangu walimlilia. Funza nimewazoea, mimi mtoto wa wavuvi. Kilichonitapisha ni yale mafundo.

Niliporudi barazani, furushi la siku ile lilikuwa bado mezani. Mwalimu alitabasamu, akaniambia nitunge sentensi yenye neno naisi. Karatasi ya majina ya kozi ilikuwa chini ya mkono wake.

Nilijifuta mdomo. Nikatabasamu kama yeye, nikasema kwa Kiingereza safi, “Mwalimu wetu ni naisi.”

Jina langu liliandikwa palepale. Mama alilia kwa furaha. Jumatatu iliyofuata alifunga samaki wawili, nami nikawabeba.