Kilomita Kumi na Tisa za Mama

Mama yangu anatengeneza meno ya bandia. Kazi hiyo ameifanya miaka ishirini na sita, kwanza kwenye kliniki ya mjini, na siku hizi nyumbani pia, katika chumba kidogo nyuma ya jiko. Humo kuna meza ndefu, taa ya kuinamisha, na rafu ya taya za plasta zinazotucheka kila tunapopita kwenda kuanika nguo. Mtaani wanamwita Mama Meno, naye anaitika.

Kitu cha pili anachokipenda duniani ni gari lake. Cha kwanza ni sisi, au ndivyo anavyosema akiulizwa mbele ya wageni. Gari lenyewe ni la Kijerumani, la milango miwili, rangi ya fedha iliyokwisha kuchoka kwenye boneti, na limenizidi umri kwa miaka minne. Injini ina silinda sita zilizopangwa mstari mmoja. Kwa mama, mtu asiyesikia tofauti kati ya sita na nne aende akaoshwe masikio. Madirisha hayana fremu, usukani ni mwembamba, na viti vya nyuma, kwa maneno ya baba, vilichongwa kwa ajili ya mikoba.

Wenye magari ya namna hii spea hawanunui, wanaziwinda. Mpira wa mlango wa kulia tuliusubiri miezi mitano. Ulipofika kwa posta mama aliunusa kwanza, akafumba macho, kisha akanipa na mimi ninuse. Asubuhi huwasha injini, akaiacha ingurume polepole, na hata umkalishe juu ya makaa hatakanyaga mafuta mpaka ipate joto.

"Mama, tutachelewa."

"Wewe ukiamshwa ukatimuliwa mbio kabla hujanawa uso, utafurahi?"

Baba ni mpima ardhi. Ni mtu mrefu, mpole, anayependa kitu kianze hapa na kiishie pale. Miaka mingi alilivumilia lile gari, hadi siku lilipotuacha barabarani likitoa mvuke, yeye akiwa na suti na viatu vipya, akatembea kilomita nne kwenda kumwozesha mdogo wake. Aliporudi alivua viatu, akaviweka juu ya meza ya chakula, akavitazama. Mama, kwa aibu ya siku ile, akatamka jambo ambalo hakuna mtu aliyemwomba.

"Likifika kilomita laki tatu, naliuza. Neno langu ni hilo."

Wakati ule lilikuwa laki mbili sitini na nane elfu, na laki tatu ilionekana mbali kama uzee. Kumbe mama anaendesha sana. Halafu siku moja, miaka mitatu iliyopita, zile namba kwenye dashibodi zikaganda kwenye 299,981. Gari likawa linakwenda, namba zimetulia.

"Imeharibika," mama alimwambia baba, uso umekunjamana kwa huzuni. "Na spea yake haipatikani popote."

"Pole," akasema baba. Baada ya miezi sita akaongeza, "Gari la ajabu hili. Linazunguka mji mzima na halijaenda popote." Zaidi ya hapo hakumsumbua.

Mambo yangeendelea hivyo hata leo, lakini mama ana ugonjwa mmoja: hawezi kusikia kwamba kuna jino lisilotengenezeka.

Jumamosi zote huwa yuko gereji kwa fundi tunayemwita Profesa, kwa sababu huvaa miwani kwenye kamba na huongea na injini kwa kuzikaripia. Hapo ndipo wanapokutana wenye Wajerumani wa kale, kila mmoja na boneti yake wazi, wakisifiana na kusemana. Jumamosi hiyo Profesa alikuwa ameitoa saa ya mwendo kwenye dashibodi ya mama ili abadilishe balbu, akaifungua kwa udadisi tu. Akatoa kigia cha plastiki, kidogo kuliko punje ya hindi, akakiinua juu watu wote wakione.

"Huyu ndiye mchawi wenu. Meno mawili yamevunjika. Basi. Hapa hata Mama Meno anavua kofia."

Watu wakacheka. Mama hakucheka.

"Lete hapa," akasema.

"Mama, usijisumbue. Hii si taya ya bibi yangu."

"Profesa, nimesema lete."

Alasiri nzima ya Jumapili hakutoka kwenye kile chumba. Nilimpelekea chai nikamkuta ameinama chini ya taa, lenzi jichoni. Alikuwa amekwisha kukitolea kigia umbo kwenye plasta, akamimina ile plastiki ya waridi anayofanyia ufizi, na sasa alikuwa anasugua jino moja moja kwa msasa laini, akilipuliza, akilipima, akilisugua tena. Alikuwa anaimba. Ilipofika jioni kigia kilikuwa kizima, cheupe na meno mawili ya waridi, na mama akanishika mabega akanitikisa kwa furaha.

"Hata kiwandani kwao hawawezi hivi!"

Jumatatu baada ya kazi alikwenda kwa Profesa wakakifunga. Profesa alivua kofia mbele ya wote, akainama mpaka miwani ikamdondoka. Mama akatoka pale kichwa juu. Kutoka gereji hadi kwetu ni kilomita mbili. Niliusikia mngurumo getini, nikasikia injini ikizimwa, lakini hakuingia ndani. Dakika kumi zikapita. Nikatoka kwenda kumwangalia. Alikuwa bado amekaa, mikono kwenye usukani, anatazama namba: 299,983.

"Mama, kuna nini?"

"Limepona," akasema, kwa sauti ya mtu anayetoa taarifa ya msiba.

"Si ndivyo ulivyotaka?"

"Mwanangu, mimi ni mjinga. Mimi ni mjinga mwenye mikono mizuri."

Baba hakuhitaji kuambiwa. Alipita kando ya dirisha la gari akienda kufunga geti, akasimama, akainama, akavaa miwani, akasoma.

"Ala! Limepona! Hongera sana, mama watoto."

"Ahsante."

"Bado kumi na saba tu."

"Najua kuhesabu, baba watoto."

Nyumba yetu ikaingia katika kipindi cha ajabu. Mama alianza kwenda kliniki kwa miguu, akidai daktari amemwambia atembee. Gari aliliwasha uani kila jioni, akakaa ndani na kuisikiliza injini ikinguruma palepale, kisha akaizima na kulifunika. Gereji alikwenda mara moja tu, kwenda na kurudi, na safari hiyo ilimkula kilomita nne. Siku ya pili yake akagundua, kwa kulitoa uani, kwamba gari likirudi nyuma namba nazo zinarudi nyuma. Macho yakamng'aa.

Asubuhi iliyofuata alikwenda dukani kinyumenyume.

Mimi nilikuwa kiti cha pembeni, nimejifunika uso kwa kitabu. Tulipita nyumba ya mshona viatu, buti mbele, mama amegeuza shingo kama bundi.

"Mama Meno!" akaita mshona viatu. "Leo gari limelewa?"

"Linafanya mazoezi!"

Jioni akarudi dukani tena, kwenda na kurudi kinyumenyume vilevile, kununua kiberiti ambacho hatukukihitaji. Siku ya tatu shingo ikagoma. Alikaa mezani amekodolea ukuta wa kushoto, baba akimkanda kwa maji ya moto na kujizuia kucheka hadi mabega yakamtetemeka.

"Umeokoa ngapi?"

"Mita mia nne."

"Na shingo?"

"Nyamaza ukande."

Baba akakanda. Kisha akasema, bila utani, "Kama umebadili mawazo, sema. Sitakushika na neno la miaka ile."

Mama akataka kumgeukia akashindwa. "Mimi nikisema kitu nimesema," akauambia ukuta.

Hivyo tukabaki, naye akilitazama gari kama mtu anayetazama pipi ya mwisho kwenye pakiti. Baada ya safari mbili tatu za lazima likasimama kwenye 299,988. Zimebaki kumi na mbili.

Simu ililia Jumamosi, saa sita na robo mchana. Alikuwa mteja wake, mwalimu mkuu mstaafu, ambaye siku ile alikuwa anamwoza binti yake wa mwisho. Meno yake ya juu yalipasuka Alhamisi, na mama alikuwa ameyamaliza asubuhi ileile. Mwanawe angekuja kuyachukua. Sasa mwanawe amefungiwa na magari ya wageni kwenye ukumbi, hawezi kutoka, na hotuba ni saa saba. Mzee aliongea kama mtu anayepuliza chai.

"Kurasa sita, Mama Meno," akasema. "Nimeandika kurasa sita."

Ukumbi uko kilomita kumi na nne kutoka kwetu. Nikamwambia mama tuite pikipiki. Akanitazama. Tangu siku meno ya mteja mmoja yalipodondoka mtaroni kutoka mikononi mwa mwenye pikipiki, kazi yake haipeleki mtu mwingine. Alisimama mlangoni, kasha la meno mkono mmoja, ufunguo mkono mwingine. Akaliangalia gari, akaliangalia kasha.

"Twende," akasema. "Mtu hawezi kumwoza binti yake akiwa na ufizi."

"Ngoja!" Baba alikuwa anatoka chumbani akifunga vifungo vya shati. "Nakuja. Hilo nataka kulishuhudia kwa macho yangu."

Baba akaingia nyuma. Hilo peke yake lilichukua muda, kwanza mguu mmoja, kisha kichwa, kisha mguu wa pili ukatafutiwa mahali. Alipomaliza, magoti yalikuwa masikioni. Mimi nikashika kasha. Mama akasubiri injini ipate joto, na hakuna aliyethubutu kumwambia tumechelewa.

Kisha akaondoka. Nimepanda gari lile maisha yangu yote na sijawahi kulisikia likiimba vile. Barabara ya nje ya mji ilikuwa wazi, ina kona ndefu, na mama alikuwa anazikata kona hizo kama anayekata kitambaa, gia ya tatu, ya nne, ya tatu tena. Madirisha tumeyashusha. Baba huko nyuma alikuwa anasoma namba kwa sauti juu ya bega la mama.

"Tisini na nne! Tisini na tano! Mama watoto, kuna lori!"

"Nimeliona!"

"Tisini na sita!"

Nilimwangalia mama. Machozi yalikuwa yanamtoka na alikuwa anacheka, vyote viwili kwa pamoja, na upepo ulikuwa unayapeleka machozi kwenye masikio.

"Tisini na nane! Punguza mwendo, utaipita sijaiona!"

"Kwani wewe unataka iishe au isiishe?"

"Nataka kuiona!"

Akapunguza. Tisini na tisa. Ile tisa ya mwisho ikaanza kupanda taratibu, ikavuta ya jirani, nayo ikavuta ya jirani yake, tisa zote tano zikasogea pamoja kama watu wanaoinuka kwenye benchi, na ile mbili ya mbele ikatoweka. 300,000.

Aliyepiga kelele zaidi alikuwa baba. Aliinuka kwa furaha akagonga kichwa kwenye paa, akakaa, akapiga kelele tena.

Tulifika saa saba kasoro dakika tano. Mwalimu mkuu alikuwa anatusubiri nyuma ya ukumbi, kitambaa mdomoni, karatasi zake chini ya kwapa. Mama akampachika meno palepale, akamwambia aume, afungue, aume. Mzee akatabasamu kwa meno yote ya juu, akamkumbatia mama, akaingia ndani mbio. Alisoma kurasa zote sita. Watu wanasema zilikuwa nyingi.

Nyumbani mama alizima injini, akaja sebuleni, akaweka ufunguo mezani mbele ya baba.

"Haya. Uza wewe. Mimi siwezi kumtazama mnunuzi usoni."

Akaingia kwenye chumba chake cha meno, akafunga mlango.

Jumamosi iliyofuata baba akalitoa gari kwenda kumwonyesha mnunuzi. Alirudi baada ya saa tatu, nywele zimesimama.

"Vipi?" nikamuuliza.

"Hakuwa makini."

Wiki ya pili mnunuzi alikuwa mfupi mno, hafikii pedali. Wiki ya tatu alikuwa anataka la milango minne. Mama alikwenda uani kuanika nguo, akachungulia dashibodi, akarudi ndani na beseni lake tupu.

"Limefika laki tatu na mia mbili sitini," akaninong'oneza. "Huyo mnunuzi anaishi nchi gani?"

Mezani usiku huo baba akauliza, akikata mkate, "Hivi ile injini ikiwa baridi, unaiacha dakika ngapi?"

"Kwa nini?"

"Mnunuzi aliuliza."

Jumamosi ya nne nilikuwa nakunywa chai, mama yuko kwenye chumba chake cha meno, wakati baba alipotaka kulitoa getini. Alikanyaga, akaachia, gari likaruka kama chura, gia ikalia kilio cha kukata maini. Mama alikuwa amekwisha kutoka mlangoni, mikono imejaa plasta hadi kwenye viwiko.

"Wewe mwanamume! Hiyo klachi si ya pikapu ya ofisini kwenu!"

"Nimechelewa, kuna mnunuzi ananisubiri."

"Mwambie haliuzwi!"

"Nimwambie nani?" akasema baba, na masikio yakamwiva.

Mama akafungua mlango wa dereva.

"Sogea."

"Sisogei. Zunguka upande wa pili, unielekeze."

Akazunguka. Akaketi kiti cha abiria, mikono yenye plasta ameiinua hewani asichafue viti. Nikasikia, "Polepole, polepole, si mguu huo," na gari likatoka getini likirukaruka, likapotea kwenye kona. Walirudi saa kumi na moja jioni, wanabishana kuhusu gia ya tatu.