Siku Nilitupa Sahani Mbele ya Wakwe

Ee ndugu zangu, ee mama zangu mulionyoosha miguu, na nyinyi vijana munaokaa juu ya moto zenu, hizo pikipiki, kama kuku juu ya mayai: zimeni hizo mashine, musikie. Nitawaambia mambo ambayo mimi mwenyewe sijaelewa mpaka leo. Mukielewa nyinyi, mutanieleza, nitashukuru.

Yaya yangu, yule dada mukubwa, anakaa Lusangi. Mutoto wake mwanaume alivuka Tanganyika na wakimbizi angali mudogo, akafika Amerika, akaota ndevu huko. Wakati wa kutafuta bibi, hakutaka wa kule. Alimupata kwa telefone, binti mumoja wa njia ya Salamabila, baba yake ni mulimaji wa mupunga. Walipendana mu telefone, wee, mpaka nikaogopa telefone itazaa mapacha.

Baba wa mutoto alishakufa. Mudomo wa familia ni mimi, mujomba. Na kwetu, mwanaume anayetaka bibi anakwenda kwanza kwa wakwe kuonyesha kazi ya mikono yake. Mulimaji analima shamba la baba mukwe. Fundi wa viti anatengeneza kiti pale pale, baba mukwe anakikalia. Kama mwenyewe iko mbali, mujomba anaifanya ile kazi kwa nafasi yake. Basi nikamupigia.

"Mutoto wa yaya yangu, kazi yako ni gani, nijifunze?"

"Natupa sahani, mujomba."

"Wamekufukuza jikoni?"

"Hapana! Ndiyo kazi yenyewe."

Akanieleza mpaka sikio likashika moto. Kule watu wanatembea porini na mufuko wa sahani za plastiki. Mbele wanasimamisha kitunga cha chuma, na minyororo inaning'inia juu yake. Unatupa sahani, unaifuata, unaiokota, unaitupa tena, mpaka iingie mu kitunga. Mwenye kutupa mara kidogo kupita wengine ndiye anashinda. Watu wazima! Wenye bibi na watoto! Na sosiete, ile kampuni inayotengeneza zile sahani, inamupatia mutoto sahani bure, inamupatia shimizi ya kiume, viatu, tikiti ya ndege, na mushahara juu yake.

"Juu ya nini?"

"Juu watu wanione natupa za kwao."

"Wakikuona, wanafanya nini?"

"Wanakwenda kununua na wao."

"Wanunue za nini?"

"Za kutupa."

Nikakata telefone, nikakunywa maji.

Kisha kukawa mama mumoja alikuwa anarudi huku toka Amerika, mutoto akamubebesha mufuko aniletee. Nikaufungua: sahani rangi zote, kama nguo za sikukuu, na juu ya kila moja alama ya sosiete. Mutoto akanifundisha kwa video. "Hii inakwenda mbali. Hii inapinda kushoto. Hii ni ya karibu." Nikaangalia, nikaangalia. Zote duara! Ni kama mutu anakuonyesha mayai, anakuambia hili litatoka jogoo, hili kuku. Mi nikasema ndiyo, ndiyo.

Lakini kuna neno moja alilirudilia sana. "Mujomba, pale unatupa kwa jina langu. Watu watapiga video. Usitupe kitu ingine hata kidogo. Kontra, ule mukataba wa kazi, inakataza. Nikionekana na sahani isiyo ya sosiete, kazi imeisha."

Tukapanda moto, mimi, yaya yangu na mufuko. Ile njia munaijua. Shimo moja tuliingia tumeshiba, tukatoka na njaa. Kufika, kijiji chote kiko inje, hata wachimbaji wa Salamabila walikuwa wameacha dhahabu yao chini ya udongo ipumuzike. Nikafunga kitunga cha mihogo juu ya muti, na vijana wakafungua sheni, ile minyororo ya kinga, baiskeli zao, tukazining'iniza. Siku ile hakuna kinga hata moja ilitembea toka Kabambare mpaka Kasongo, naapa.

Nikatupa ile ya kwenda mbali. Ikakwenda! Ikavuka mupunga, ikavuka michikichi, ndege wakaipisha njia. Sijui kama imeshaanguka. Ile ya kupinda kushoto ikapinda kulia, ikamufukuza mbuzi mpaka ndani ya nyumba ya imamu. Nikatupa ile ya karibu, na Mungu ni mukubwa, ikagonga zile sheni, chwalaa! Ikaanguka mu kitunga. Wamama wakapiga vigelegele. Yaya yangu akaanza kucheza na mabega. Mi nikajua bibi tumepata.

Ndipo baba wa binti akasimama, muzee murefu wa kofia nyeupe. Akaingia jikoni, akatoka na mufuniko wa sufuria kubwa, ule wa kupikia muchele wa matanga.

"Mukwe, vizuri. Sasa tupa hii ya kwangu. Nione kama nguvu iko mu mukono wenu ao iko mu plastiki."

Akaninyooshea kwa mikono miwili. Na kukataa kitu toka mikono ya mukwe, kwetu, ni sawa na kumutemea mate. Nikatazama watu: kila kijana ameinua telefone yake. Nikimutii muzee, mutoto anapoteza kazi. Nikikataa, mutoto anapoteza bibi. Nikamutazama yaya yangu. Yeye alikuwa anatazama sisimizi.

"Baba, unisamehe. Siwezi."

"Mufuniko yangu ni muchafu?"

"Unang'aa kupita jua, baba. Ni sosiete inakataza."

"Inakataza nini? Mutoto wenu kushika kitu kwa wakwe zake?"

"Ndiyo... hapana... kushika, anashika. Kutupa ndiyo hapana."

Hata mimi sikujielewa. Muzee akakunja uso.

"Hiyo sosiete inamulisha?"

"Inamulisha, baba."

"Inamuvalisha?"

"Mpaka soksi."

"Akisafiri?"

"Ni yenyewe inamupeleka."

"Na akishika sahani ya wengine?"

"Inamufukuza."

Shangazi wa binti akapiga makofi, pa! "Wuu! Inamulisha, inamuvalisha, inamukataza kugusa za wengine! Watu wa Lusangi, huyu mutoto wenu iko na bibi tayari! Mumekuja kutudanganya!"

Kelele ikapanda mpaka kuku wakakimbia kijiji. Yaya yangu akalia: "Mutoto wangu haiko na bibi! Iko na sahani tu!" Mi nilitaka kumusaidia, lakini maneno ya shangazi yalikuwa yananiingia. Nilipoyageuza huku na huku, niliona ni bibi kweli.

Muzee akaweka mufuniko chini. "Chukueni mufuko wenu. Binti yangu haolewi juu ya mwingine."

Tukaanza kuokota sahani. Na binti, ambaye kwa desturi anakaa jikoni, hasemi hata neno mpaka wazee wamalize, akasukuma mulango, mwiko mu mukono, muchele bado umeshika juu ya mwiko:

"Baba, niozeni tu! Muke mwenza asiye na mudomo, na viatu vya bwana ananunua yeye, mutanitafutia wapi mwingine?"