Mbuzi Aliyekula Somo la Miraa

Jamani, leo nimewasimulia wanangu kisa hiki, wakacheka mpaka machozi!

Ilikuwa Garissa, miaka ya tisini. Mwalimu Halima alileta kitita cha miraa darasani atufundishe madhara yake.

Akakiweka mezani, akageuka kuandika ubaoni.

Mbuzi wa jirani akaingia, akakitafuna chote!

Wallahi, baadaye mbuzi yule alikuwa anapiga mbio uwanjani, anaupiga pembe mlingoti wa bendera. Sisi mbavu hatuna.

Jioni sisi na Mwalimu tukamkuta amejilaza kivulini, macho makavu. Majani hataki, maji hataki.

Tukacheka tena. Dekow tu, golikipa wetu na mchekeshaji wa darasa, hakucheka.

Akasema polepole, "Mwalimu, hata mimi huwa hivi nikishatafuna."

Sote tukamgeukia Mwalimu.

Nikajua atachapwa. Lakini Mwalimu Halima akaketi mchangani kando ya Dekow. "Umefanya vizuri kusema, walaal, ndugu yangu. Ulianza lini?"

Wakazungumza mpaka adhana ya magharibi. Na sisi wengine, mmoja mmoja, tukasogea na kuuliza maswali yetu.

Haya, semeni: ninyi nani aliwahi kukaa chini akawaeleza mambo ya miraa?