Daktari Aliyechaguliwa na Shemeji

Siku ambayo ningeirudisha kama ingewezekana, mwanangu, ni ile niliyomwambia shemeji yangu, "Sawa, nitabaki." Nilikuwa kijana, nikikata waridi katika shamba la maua kule Naivasha, na mwiba ulikuwa umenidunga jicho la kulia. Nilitaka kwenda Nakuru kwa daktari wa macho. Shemeji, kakake mke wangu, ndiye aliyekuwa msimamizi wetu, na ndiye aliyeniombea kazi.

"Shemeji, hapa tuko na kliniki na daktari," akaniambia. "Ukienda kwingine wakubwa watauliza huyu anayedharau daktari wetu aliletwa na nani. Unataka kuniaibisha?"

Sikutaka. Nikaenda kliniki ya shamba, nikapewa dawa ya matone, nikaambiwa nivumilie. Daktari yule hakuwa mtu mbaya; alizoea malaria, mgongo na kikohozi. Mimi mwenyewe nilijua siponi. Kila asubuhi ukungu ulizidi, na kila nilipoulizwa nilijibu kwamba naendelea vizuri. Niliita hiyo heshima.

Mke wangu Nekesa ndiye aliyechoka. "Hebu niambie," akasema asubuhi moja, huku akitia nguo zangu kwenye begi, "hilo jicho ni lako ama ni la kakangu?" Tukaondoka asubuhi hiyohiyo. Namshukuru hadi leo.

Nakuru tulimpata daktari wa macho, mama mpole. Alinipima kwa muda mrefu, kisha akasema jicho lile limekufa, na likiachwa linaweza kuharibu hata la kushoto, afadhali litolewe. "Lakini usikubali kwa sababu nimesema mimi," akaongeza. "Ukitaka daktari mwingine alitazame kwanza, nitakuandikia. Sitakasirika." Hakuna aliyewahi kunipa nafasi hiyo. Nilienda kwa mwingine, akasema vilevile, nikarudi kwake kwa hiari yangu, akalitoa. Jicho la kushoto alilichunga mpaka akastaafu, na ndilo linaloniwezesha kuandika haya.

Kwa hiyo, mwanangu, ukiugua wasikilize watu wako, washukuru, lakini daktari umchague wewe. Ukiona hupati nafuu, sema, na uende kwingine bila kuomba radhi. Na mke wako au mzazi wako akiugua, muulize anataka kutibiwa na nani kabla hujatafuta gari.

Mungu akupe afya, na akuzungushie watu watakaokuuliza mapema. Mimi kumwonea haya shemeji kulinigharimu jicho langu la kulia.